Mwaka wa Vifuko vya Asumini

Mwanahawa alinipigia simu mchana nikiwa Chalinze, nimekaa nyuma ya meza yangu ya chai nikisubiri mabasi ya Tanga yasimame. Namba sikuijua, na sauti nayo sikuitambua mpaka aliponiita kwa jina ambalo hakuna mtu wa Chalinze anayelijua. "Sauda Kidole," alisema, "Bwana Kanti amefariki. Wamemchoma Jumapili, kwa mila yao ya Kihindu. Mama Bhanu anafunga duka, mwanawe anamchukua Dar. Anasema vitu vya chumba cha nyuma hajui kipi cha kutupa na kipi cha kuweka. Njoo tumsaidie." Nikamuuliza namba yangu ameipata wapi. "Nimeitafuta," akajibu, basi. Tulikuwa hatujasikiana kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nina miaka arobaini na minne sasa. Nimeishi Tanga, nikahamia Singida, nikapikia mafundi wa barabara huko Masasi, nikauza mitumba Kahama, na kila mahali nilipofika nilisema hapa nitatulia, kisha siku moja naamka najikuta nafunga mizigo bila ya kugombana na mtu. Watu huniuliza nakimbia nini. Huwa nacheka, nasema miguu yangu ina wazimu. Lakini jioni ile baada ya simu ya Mwanahawa nilikaa kitandani Chalinze nikiwa na uchovu ambao kulala hakuutoi, nikajua kabisa kuwa kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kuuhama, hata kama nimehama kila kitu kingine. Asubuhi nikamwachia jirani meza yangu, nikapanda basi la kwenda Bagamoyo.

Duka la Bwana Kanti lilikuwa mtaa wa Dunda, nyumba ya ukuta mnene yenye dari refu, mbele kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko vya watu, nyuma yake chumba cha kuchapia. Ukiingia chumba kile kitu cha kwanza kilichokupokea ni harufu ya mafuta ya taa, kwa sababu skrini zote zilisafishwa nayo. Skrini zenyewe zilining'inia ukutani kama picha zisizo na watu: fremu za mbao, kitambaa chembamba cha nailoni kimevutwa kikakaza, na mahali pengine pote pamezibwa isipokuwa pale panapotakiwa wino upite. Unaweka skrini juu ya karatasi, unamwaga wino, unauvuta kwa raba pana kutoka juu mpaka chini, unainua. Basi, umechapa. Bwana Kanti alikuwa ameijua kazi hiyo tangu ujana wake kwenye kiwanda cha khanga Dar. Hapa Bagamoyo alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na fulana za timu za mpira. Mimi na Mwanahawa tulikuwa tumemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, tumekaa dawati moja miaka yote minne, na alituajiri sote wawili siku moja, tufanye kazi ya kukunja kadi. Mimi ndiye niliyepewa jina la Kidole, kwa kuwa nilikuwa siwezi kupita penye kitu bila kukitia kidole na kukilamba. Nimelamba wino, gundi na chokaa. "Huyu siku moja atajilamba kaburini," Mama Bhanu, mkewe Bwana Kanti, alikuwa akisema.

Mwaka ninaousimulia ulianza kwa gazeti. Si gazeti la habari, ni lile la picha za nguo, lililoletwa na jamaa wa Bwana Kanti kutoka ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na ukurasa ambao ukiusugua unanukia waridi. Bwana Kanti aliusugua mpaka karatasi ikatoboka. Wakati huo wateja walikuwa wameanza kupeleka kadi zao Dar, kwenye mashine za kompyuta zinazotoa rangi zote kwa mara moja, na yeye alikuwa amekonda kwa mawazo. Alituita wote wawili, akatupa ukurasa tunuse. "Wenzetu wameweka waridi kwenye karatasi," akasema. "Sisi tuna asumini inamwagika uani, tunakunja mikono."

Alichokuwa anakitafuta, kama alivyokuja kutueleza polepole kwa miezi, kilikuwa ni vifuko. Ukipaka mafuta ya asumini kwenye kadi hivihivi, kesho yake harufu imekwenda na kadi imechafuka. Lakini ukiyafungia mafuta hayo ndani ya vifuko vidogo kuliko chembe ya mchanga, kila kimoja na ngozi yake, yatakaa humo miezi. Mtu akipitisha kidole, ngozi zinapasuka, harufu inatoka mbele yake kana kwamba ua limechumwa saa hiyo. Ngozi hiyo aliipata kwenye kitu alichokijua tangu kiwandani: unga unaotokana na mwani, ambao wachapaji wa khanga huutia kwenye rangi ili iwe nzito isitiririke. Ukiuchanganya na maji unakuwa ute. Ukitia mafuta ya asumini ndani ya ute na kuyakoroga kwa blenda unapata kitu cheupe kama maziwa. Baadaye sana, kwenye simu, nilisoma kuwa viwanda vikubwa hufanya hivyohivyo kwa sabuni na dawa, na kwamba vitu kama ule ute wataalamu huviita polima. Sisi tulisema ute tu.

Na hapo ndipo ufundi wake wa kuchapa ulipoingia. Wengine pengine wangedondosha tone mojamoja kwa sindano wakazeeka. Yeye alitengeneza skrini yenye vitundu, maelfu ya vitundu vilivyojipanga, ukiinua kwenye mwanga inafanana na ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Tuliitandika juu ya karatasi ya plastiki, tukauvuta ule ute kwa raba, na kila kitundu kikaacha nukta yake. Kisha upesi, kabla nukta hazijashikana, tulizinyunyizia maji ya chokaa iliyochemshwa na siki na kuchujwa. Nukta zikishika maji hayo zinaganda, zinapata ngozi. Tulizikwangua taratibu, tukaziosha, tukazianika kivulini juu ya leso. Zikikauka zilikuwa kama vumbi linalong'aa kidogo. Mwisho tulizichanganya na gundi nyepesi, tukazichapa juu ya picha ya ua la asumini kwenye kadi, kwa mkono mwepesi sana, maana ukikandamiza raba unavipasua vifuko vyote kabla harusi haijafika.

Nikilisimulia hivi linaonekana jambo la wiki moja. Ilituchukua kuanzia mwisho wa masika mpaka kiangazi kikuu. Vifuko vya kwanza vilitoka vikubwa kama mayai ya samaki, kadi ikawa na vipele. Vingine vilishikana vikawa kama uji wa jana. Tulipofanikiwa kuvipata vidogo, kadi zikanuka siki, na Mama Bhanu akapita akiziba pua: "Hii ni ya harusi au ya achari?" Ndipo tukajua kuwa lazima vioshwe mara tatu, si mara moja. Karibu kila tulipokwama aliyetukwamua alikuwa Mwanahawa. Ndiye aliyegundua kwamba mwisho wa kukoroga blenda iende polepole. Ndiye aliyesema tunyunyizie kutoka mbali, maji yashuke kama umande yasizisukume nukta. Hakuwa anasema kwa kujiona. Alikuwa anakaa kimya, anainamisha kichwa karibu na trei, halafu anasema, "Tujaribu hivi." Bwana Kanti akaanza kumwita Injinia. Mimi akaendelea kuniita Kidole, na nilicheka pamoja nao, lakini nilianza kuhesabu kimoyomoyo ni mara ngapi kwa siku anasema Injinia.

Chakula cha mchana tulikula kwake. Mama Bhanu alileta chapati nyembamba zinazopinda kama kitambaa, dengu na achari ya maembe yenye kuchoma mpaka masikioni, akatuwekea kwenye meza ileile ya kuchapia baada ya kuitandika gazeti. Nyumba yao haikuingia samaki. Lakini sisi ni watoto wa Bagamoyo, tukikaa siku tatu bila samaki tunajiona wagonjwa. Basi tulikuwa tunanunua samaki wa kukaanga sokoni, tunakwenda kula kwenye ngazi ya uani, nje ya mlango wa nyuma, na Mama Bhanu anajifanya haoni, ila akipita anasema kwa sauti, "Paka wangu wawili leo wamepata." Tukishanawa mikono kwa ndimu ndipo tuliruhusiwa kurudi ndani. Uani hapo kulikuwa na asumini yenyewe, imepanda ukutani, na kisima, na pipa la bati la maji ya mvua ambalo Bwana Kanti alilifunika kwa ubao na jiwe.

Siku moja nilikaa ngazini peke yangu na samaki wangu, Mwanahawa amebaki ndani kumalizia kuosha. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nikamsikia Bwana Kanti akimweleza jambo, kwa ile sauti yake ya chini aliyoiweka kwa mambo anayoyapenda. "Sikiliza, Injinia. Ute huu ni nyuzi ndefu sana, umeona? Chokaa inazifunga mafundo. Mafundo hayo ndiyo ngozi. Sasa adui wa mafundo ni chumvi. Ukitia maji yenye chumvi, chumvi inafungua fundo mojamoja, mpaka ngozi inakuwa ute tena. Ndiyo maana nakutaka utumie maji ya pipa, au ya bomba yakiwapo. Kisima hiki kiangazi kinaingiwa na bahari. Wewe kazi ya kuosha usimwachie mtu." Mwanahawa akasema, "Sawa, Bwana." Kisha Bwana Kanti akasema, "Kadi za harusi ya binti wa Bi Shemsa zikitoka vizuri, mimi nakupeleka chuo cha ufundi Dar. Nimeshazungumza na mke wangu. Wanangu hawaitaki kazi hii. Nataka mtu wa kumwachia." Nikamsikia Mwanahawa akivuta kamasi. Nadhani alikuwa analia. Mimi nilikuwa na mwiba wa samaki kidoleni na nikauangalia kama sijawahi kuona mwiba.

Hakuniambia habari ya chuo. Nilingoja siku ile, nikangoja wiki. Nilipokuwa kijana nililichukulia kuwa ni ujanja. Leo nadhani aliogopa kulitaja kabla halijawa, kama tunavyoogopa kuitaja mimba changa. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na moja, tumekaa dawati moja, tumekula sahani moja, na alama zangu za kemia zilikuwa sawa na zake.

Bi Shemsa alikuwa mwuza vitambaa, mwanamke mwenye sauti ya kujaza mtaa, akimwoza binti yake wa kwanza. Kwetu pwani kadi peke yake haialiki mtu. Lazima mwanamke mwalikaji azunguke nyumba kwa nyumba, aketi mkekani, aulize hali, aseme kwa mdomo wake kuwa fulani anakuiteni, ndipo aitoe kadi. Bi Shemsa alisugua kadi yetu ya majaribio, akainusa, akafumba macho. "Kanti wewe!" akasema. "Umemfungia mtu kikuba cha maua ndani ya karatasi! Mwalikaji wangu hana haja hata ya kusema. Atoe kadi, wao wenyewe watasema harusi ya Shemsa imeingia." Akaagiza kadi mia nne. Bwana Kanti alisimama kaunta akimwangalia anavyokwenda, na nilimwona akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Wiki tuliyokuwa tunatengeneza vifuko vya kazi hiyo, bomba lilikauka mji mzima. Siku ya mwisho ya kuosha ilikuwa Alhamisi. Asubuhi Mwanahawa alinivuta pembeni, uso umemvimba. Mama yake alikuwa amezidiwa, gari la kumpeleka hospitali Dar limepatikana, anaondoka sasa hivi. Bwana Kanti alikuwa Mapinga tangu alfajiri kutafuta karatasi kwa mtu. "Nakutegemea, Sauda," Mwanahawa alisema. "Nioshee hizi trei mbili kubwa. Mara tatu. Usimwambie Bwana nimeondoka, alinikataza kumwachia mtu kazi hii. Kesho asubuhi niko hapa." Nikamwambia nenda, usiwe na wasiwasi. Hakuniambia habari ya chumvi. Alikuwa anakimbia tayari.

Nilifungua pipa. Kulikuwa na tope chini na mdudu mmoja. Maji ya kununua yalikuwa yanauzwa na mikokoteni mbali, na foleni yake ilikuwa ya kutoka asubuhi mpaka jua la utosi. Kisima kilikuwa hatua kumi. Nilikumbuka maneno niliyoyasikia ngazini, siwezi kusema sikuyakumbuka. Kwa hiyo nilivuta ndoo moja, nikatia kidole, nikalamba. Matamu. Nikalamba tena, nikayanywa kwa kiganja. Matamu kabisa. Nikajiambia Bwana Kanti anaogopa bure. Miaka mingi baadaye, nilipoishi Singida na kurudi mara moja pwani kwa msiba, nilikunywa maji ya kisima cha nyumba moja nikayatema. Yalikuwa na chumvi. Nikauliza yameharibika lini, watu wakanishangaa. Sisi tulilelewa na maji yale tangu tumboni. Mkaanga samaki hasikii harufu ya nguo zake, na ulimi wa Bagamoyo hauoni chumvi ya Bagamoyo. Nikaosha trei zote mbili, mara tatu, kwa uangalifu, nikaanika.

Alasiri nilipokwenda kuangalia, vifuko vilikuwa vimenenepa. Vilikuwa na mng'aro wa jicho lenye machozi. Nikachukua kidogo, nikabana kati ya vidole. Kifuko kizuri kilikuwa kinapasuka, unakihisi. Hivi viliteleza, vikaacha mafuta. Nikajua. Nataka niliandike hili wazi, maana nimeliandika kichwani kwa maneno ya kujitetea mara nyingi sana: nilijua alasiri ile, saa zikiwa zimebaki za kutosha, vifaa vipo, mafuta ya asumini yapo nusu chupa. Ningengoja Bwana Kanti arudi kutoka Mapinga, ningemwambia, angegomba, tungeanza upya. Badala yake nikavigeuza vifuko upande wa pili, vikazidi kukauka, vikasinyaa, vikafanana na vizuri. Nikavimimina kwenye kopo moja na vile vizuri vya jana yake. Nilipokuwa navimimina nilikuwa nafikiria chuo cha ufundi.

Bwana Kanti alirudi usiku nikiwa nimeshakwenda kwetu. Mwanahawa alirudi asubuhi hajalala, mama yake akiwa amelazwa. Akachapa siku nzima kwa ule mkono wake mwepesi. Kadi zilitoka nzuri. Zilinukia. Bwana Kanti alizipanga mwenyewe kwenye boksi, akaweka karatasi laini kati ya kila kadi kumi, akampelekea Bi Shemsa kwa miguu, hakutaka kupanda baiskeli zisitikisike.

Boksi lilirudi baada ya siku tisa. Bi Shemsa aliliweka kwenye kaunta, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Vifuko viliendelea kuvuja ndani ya gundi, polepole, vikavuta na vile vizuri. Kila kadi ilikuwa na duara la mafuta kuzunguka ua, limepenya mpaka upande wa majina. Harufu hakuna, isipokuwa ya mafuta yaliyochacha. "Mwalikaji wangu ameketi kwenye mikeka ya watu," alisema. "Anatoa kadi, mtu anaishika kwa ncha za vidole. Mmoja kamwuliza, Shemsa ametualika harusini au ametufungia maandazi? Kanti, mtaa mzima unasema maandazi. Mwanangu hatoki nje." Bwana Kanti hakujitetea. Alisema atachapa nyingine za kawaida usiku na mchana, na alizichapa. Lakini kwanza alikuja chumba cha nyuma, akasimama mlangoni.

"Nani aliosha?"

Mwanahawa akaniangalia. Hakuniangalia kwa kunishtaki. Aliniangalia kama mtu anayekupa nafasi ya kupita mlangoni kwanza. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mafuta ya taa, nikaendelea kufuta skrini ambayo ilikuwa safi.

"Mimi," Mwanahawa akasema.

"Kwa maji gani?"

Akageuza macho kwenye pipa kupitia mlangoni, lililokuwa wazi na kavu. "Ya kisima."

"Nilikueleza," Bwana Kanti alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikueleza wewe. Wewe peke yako." Kisha akaja akaichukua ile skrini ya vitundu, akaiegemeza ukutani, uso wake umeelekea ukuta. Hakumfukuza mtu. Hakutaja vifuko tena, wala Injinia. Aliendelea kumwita Mwanahawa kwa jina lake kamili, kwa heshima, na hilo lilikuwa baya kuliko kufukuzwa. Chuo hakikutajwa. Mama Bhanu alileta chapati kama kawaida, sisi tukala tukiwa tumepeana migongo, na mwezi haukuisha nikasema nimepata kazi Tanga. Sikuwa nimepata kazi Tanga.

Miaka yote niliyozunguka nilikuwa na maelezo yangu kuhusu lile "mimi" la Mwanahawa. Wakati mwingine nilisema alikuwa mwema kupita kiasi. Wakati mwingine, nikiwa na hasira na maisha, nilisema alinidharau, aliniona si mtu wa kugombana naye. Niliyaamini yote mawili kwa zamu.

Nilipofika Dunda nilimkuta yuko dukani na ufagio, amefunga khanga kiunoni, nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe. Aliolewa, ana shamba la mboga huko Mapinga, na inaelekea miaka yote hiyo alikuwa akija kumjulia hali Bwana Kanti kila sikukuu, akiwaletea mchicha. Tulishikana mikono, hatukukumbatiana. "Umekonda," alisema. "Na wewe," nikasema, ingawa hakuwa amekonda. Mama Bhanu alikuwa kwenye kiti mbele ya kabati, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amevaa nyeupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Kidole. Bado unalamba vitu?"

Tulifanya kazi mpaka adhuhuri. Skrini za risiti tulizitupa, za maua tukaziweka. Nyuma ya kabati Mama Bhanu akatoa daftari lenye jalada gumu, akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Ndani kulikuwa na mwandiko wa Bwana Kanti, vipimo vya ute, vya siki, idadi ya vitundu. "Hili aliniambia nilitoe kwa Sauda akirudi," alisema, akininyooshea. "Alisema yule alikuwa anachezacheza lakini hakuharibu kazi ya mtu. Mwanahawa mwanangu usikasirike, unajua mwenyewe. Nakupenda, lakini kuosha kulikushinda." Alisema bila ubaya wowote, kama unavyosema fulani hawezi kuimba. Na Mwanahawa akacheka kidogo, akasema, "Ndiyo, Mama," akaendelea kufagia. Nikajua kuwa amekuwa akiambiwa hivyo na kucheka hivyo kila sikukuu.

Sikulipokea. Nikasema, "Si yeye aliyeosha. Ni mimi. Mwanahawa hakuwapo siku ile, alikuwa Dar na mama yake. Niliosha mimi kwa maji ya kisima."

Mama Bhanu alibaki na daftari mkononi. "Sasa mimi unaniambia nini?" akasema. "Aliyekuwa anataka kujua wamemchoma Jumapili." Akaliweka daftari juu ya kaunta, si karibu yangu wala karibu ya Mwanahawa, akainuka taratibu akaenda jikoni.

Mwanahawa alikuwa ameacha kufagia. "Ungenyamaza tu," alisema kwa upole. "Mzee wa watu ana msiba. Na wewe hukujua, Sauda. Pipa niliona limekauka, nikajua umechota kisimani. Lakini Bwana alinieleza mimi habari ya chumvi, wewe hukuwapo. Mimi ndiye sikukwambia. Nilikuachia kazi bila kukupa maneno yake. Nilisema ni mimi kwa sababu ilikuwa mimi."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenifungulia mlango kwa mara ya pili, mpana zaidi kuliko wa kwanza. Nilikuwa nimechoka mno kupita milango ya namna hiyo.

"Nilikuwa ngazini," nikasema. "Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia yote, ya chumvi na ya chuo. Na alasiri ile niliviona vimeharibika, nikavichanganya."

Alikaa juu ya boksi la skrini. Sikumbuki kama nimewahi kumwona akikaa kwa ghafla namna ile. Ufagio ukaanguka, hakuuokota. Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza maji ya kunywa, akapita, akaenda zake.

"Kila nikikukumbuka," alisema, "nilikuwa nakuonea huruma. Nilikuwa nasema maskini Sauda, nimemtia kwenye jambo asilolijua, mpaka akahama mji. Nilitafuta namba yako nikuombe msamaha."

"Siku ile ungeniambia," akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira ambayo nadhani hata yeye hakuijua, "ningesema vilevile ni mimi. Wallahi ningesema. Lakini ningekuwa najua nimebeba nini."

Akainuka, akachukua daftari kwenye kaunta, akalifunga ndani ya khanga yake kiunoni, akatoka uani. Nilimsikia akimwambia Mama Bhanu kuwa anarudi Mapinga, mboga zake hazijamwagiliwa. Nami nikauokota ufagio, kwa kuwa chumba kilikuwa bado hakijaisha.